Kuomba Maji Katika Njia ya Magadi

Kazi yangu ilikuwa kutembea mbele ya watu wanaotaka kutembea peke yao. Najua mtacheka. Kila mgeni aliyefika kwenye baraza letu hapa Kibra alianza kwa kusema hataki kundi, hataki gari, hataki msafara wa watu thelathini wenye mizigo kichwani. Anataka kwenda mwenyewe, kwa miguu yake. Kisha akauliza kama naweza kwenda naye. Nimeifanya kazi hiyo tangu ndevu zilipoanza kuota mpaka magoti yalipogoma mwaka jana. Na kwa kuwa ninyi vijana mlioirithi hunijia mmoja mmoja kuniuliza yale yale, nimeona niyaandike mara moja, nipate kulala mchana kwa amani.

Aliyenifundisha ni Mzee Rehan, mnayemjua kwa jina tu. Alikuwa Mnubi kama sisi, askari wa zamani, mmoja wa wale waliopewa kukaa katika msitu huu baada ya kuvua sare. Nyumba yake ilikuwa Makina, hapa hapa Kibra, na tarbushi yake nyekundu ilionekana kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Nyumbani alisema Kinubi, lakini kazini alisema Kiswahili cha kambini, kile kisichojali neno lipi linafuata lipi. Alikuwa mkali, na nilimpenda kama baba.

Siku yangu ya kwanza nilifika alfajiri, nimeoga, nimevaa kanzu safi, nikidhani nitaonyeshwa ramani. Mzee Rehan alinipa viatu. Vilikuwa buti zilizoachwa na mgeni mmoja, ngozi ngumu, misumari chini. Mimi nilikuwa sijavaa kiatu cha kufunga tangu nizaliwe.

"Vaa hii," alisema. "Kwenda Kawangware, rudi. Hapana vua njiani."

"Nikaangalie nini Kawangware, baba?"

"Kwenda tu."

Kawangware si mbali hata kwa njia za siku zile, lakini nilipovuka kijito nilikuwa tayari nachechemea. Mama mmoja wa Kikikuyu aliyekuwa akichimba viazi shambani kwake aliweka jembe chini ili acheke vizuri, akaniuliza kama viatu nimewaibia watoto. Niliporudi adhuhuri visigino vilikuwa vimeota malengelenge. Mzee Rehan hakusema pole. Alichukua sindano, akapitisha uzi uliochovywa mafuta ya simsim ndani ya lengelenge, akauacha humo ili maji yatoke kidogo kidogo na ngozi isichunike.

"Sasa wewe najua mgeni naumia wapi," alisema.

Tangu siku hiyo mgeni akifika natazama visigino vyake kabla ya kutazama uso. Wengi nimewapeleka Kawangware kwa fundi wa ndara za tairi kabla hata hatujazungumza habari za njia. Walinung'unika kwamba zina harufu ya lori. Baada ya siku mbili hakuna aliyekumbuka harufu.

Mafundisho yake mengine yalikuwa mafupi. Njiani usimuulize mtu kama ni mbali, kwa sababu atakuonea huruma na kukuambia ni hapo tu. Muulize ukitoka sasa utafika jua likiwa wapi. Atatazama juu, atanyoosha mkono, na huo mkono haujui kubembeleza. Chupa ya maji ivike kitambaa cha blanketi na ukiloweshe, maji yatakaa baridi mpaka saa tisa. Salimia kwanza, uombe baadaye, hata kama unakufa. Na ukitafuta maji katika nchi ya Wamasai, fuata punda.

"Ng'ombe nakwenda kila mahali," alisema. "Punda ya mama nakwenda maji, narudi nyumbani. Basi."

Na kulikuwa na onyo moja alilolirudia kuliko yote: "Njiani sema lugha ya mgeni. Hapana ya mama yako." Hili nililiona dogo. Nilidhani ni adabu tu, mgeni asijione anasengenywa. Nilimjibu ndiyo, baba, nikaendelea kufunga mzigo.

Basi miaka michache kabla ya vita vya Hitler alikuja mtu kutoka Mombasa, jina lake Mwalimu Sefu. Msidhani wasafiri wote walikuwa Wazungu wenye kofia. Huyu alikuwa mtu mzima, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi sikioni, na mwavuli mweusi mkononi. Macho ya Mzee Rehan yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo tulikaa wote watatu barazani tumsikilize.

"Miaka yote nimesomesha jiografia," alisema Mwalimu. "Maziwa na mito ya nchi hii nimeichora ubaoni mpaka chaki zimeniingia kifuani. Na sijapata kuona hata ziwa moja kwa macho haya. Nimeacha kazi sasa. Nataka nende Magadi kwa miguu, nilitie mkono lile ziwa, kisha nirudi kwetu."

"Treni iko," alisema Mzee Rehan.

"Treni ntarudi nayo. Lakini kwenda, nataka kila hatua niijue."

Mzee Rehan alinigeukia. "Huyu yako," alisema, mbele ya mgeni mwenyewe. "Wewe fikisha yeye mzima, kazi yako. Hapana fikisha mzima, wewe rudi kwa mbuzi."

Mbuzi wa baba yangu nilikuwa nimewachunga miaka minane na tulikuwa tumechokana. Niliitaka kazi hii kuliko kitu chochote, hata kuliko mke, na mke wakati huo nilikuwa nimeshamwona.

Tulitumia siku nzima kupunguza mzigo wa Mwalimu. Alibishana kwa kila kitabu, akakubali kuacha vitatu. Mwavuli hakukubali hata tuuzungumze. Tulitoka alfajiri kwa njia ya Ngong, yeye akinitajia majina ya vilima ambavyo mimi nilikuwa navijua kwa kuchoka tu. Alikuwa rafiki mzuri wa safari. Hakulalamika, hakujifanya kijana, na kila tulipokutana na mtu alivua kofia yake ya kufuma. Usiku wa kwanza tulilala Ngong madukani, wa pili bondeni kwenye kijito, baada ya kushuka mteremko ule ambao wengi wenu mnaujua kwa magoti yenu.

Hapo kwenye kijito ndipo nilipofanya kosa la kwanza. Mzee Rehan alikuwa ameniagiza nijaze debe. Mimi nikakumbuka kwamba nyuma ya kilima cha mbele, mwendo wa asubuhi moja tu, kuna mto mkavu ambao ukichimba mchanga wake unapata maji. Debe ni zito, na nilitaka mgeni aone ninavyotembea mwepesi. Nikaliacha debe hapo hapo, nikajaza chupa mbili na kibuyu.

Kufikia saa nne jua lilikuwa limeshapanda juu yetu na chupa zote mbili zilikuwa zimekauka. Kisigino cha Mwalimu kilikuwa na uzi wangu ndani yake. Nikamkalisha chini ya mgunga, nikampa kibuyu, nikamweleza pole pole mpango wetu.

"Mimi natangulia juu ya kilima nitazame mto. Maji yakiwepo nitakuita, uje. Yasipokuwepo nitakwambia hakuna, nawe ukae hapa hapa. Kibuyu usikiguse mpaka nirudi, maana ndicho kitakachoturudisha kijitoni."

"Nimefahamu," alisema, akafungua mwavuli wake chini ya mti.

Nilipanda, nikashuka upande wa pili mpaka mtoni, nikachimba kwa mikono. Nilichimba mpaka begani. Mchanga ulitoka mkavu, ukafuatwa na mchanga mkavu zaidi. Nikachimba shimo la pili na la tatu. Sitawaficha, niliogopa. Nilipanda tena kilimani mbio, nikamwona Mwalimu kwa mbali chini, doa jeusi la mwavuli, nikaweka mikono mdomoni na kupiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Moyo mafi! Moyo mafi!"

Nyinyi wa Kibra mmeshashika kichwa. Kwa wasio wa kwetu, nieleze: kwa Kinubi moyo ni maji, na mafi maana yake hakuna. Ndivyo mama alivyokuwa akitwambia mtungi ukiwa mtupu. Mtu akiogopa, kinywa hurudi kwa mama yake. Nilisema maji hakuna, nikasema kwa lugha ambayo mtu wa Mombasa hajapata kuisikia.

Na upepo ulichukua neno la pili. Kule chini lilifika moja tu.

Nilimwona akisimama. Nilimwona akiinua kibuyu, akakiinua zaidi, kichwa kimelala nyuma. Kisha akafunga mwavuli na kuanza kupanda. Nilipunga mikono kumzuia, naye akanipungia wa kwake. Alifika juu akihema, anatabasamu, kibuyu kimepinduliwa mdomo chini.

"Haya mwanangu, nimejipa moyo kama ulivyosema. Yako wapi maji?"

"Mwalimu, nilisema hakuna."

"Ulisema moyo. Nimekusikia kwa masikio yangu: moyo, moyo. Nikasema huyu kijana ananihimiza. Nikanywa nipate nguvu, nikaja."

Nilikaa chini kwenye mawe. Nilimweleza maana ya neno. Alinitazama muda mrefu kupitia miwani yake, kisha akakitazama kibuyu, na nilijua anahesabu hatua za kurudi kijitoni kama ninavyozihesabu mimi. Zilikuwa nyingi mno kwa mguu ule na jua lile.

"Basi tumepotezana katika neno moja," alisema. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia.

Tulishuka kwenye mto mkavu kwa sababu kulikuwa na kivuli cha ukingo. Saa saba ilipita. Midomo ya Mwalimu ilipasuka, akaacha kuzungumza, kisha akaacha kutokwa na jasho, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilimgusa shingo, ilikuwa kavu na ya moto. Kazi na mbuzi vilinitoka akilini. Nilimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mtu huyu asife kabla hajaona ziwa lake, kwa ajili ya ulimi wangu.

Ndipo nikakumbuka punda. Nilianza kutembea nimeinama kando ya mto, natazama chini, na baada ya mwendo mfupi nikakuta njia nyembamba imekatiza, na juu yake kinyesi cha punda ambacho kilikuwa bado kibichi. Nyayo za kwenda zilikuwa nyepesi. Nyayo za kurudi zilikuwa zimedidimia. Punda walikuwa wamekwenda watupu wakarudi na mzigo. Nikamtia Mwalimu bega langu tukafuata nyayo nzito.

Tuliwakuta wanawake wawili wa Kimasai wenye punda watatu, vibuyu vimefungwa ubavuni. Ulimi wangu ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi, lakini nilisalimia kwanza. "Takwenya." Yule mkubwa akaitikia, "Iko." Kisha nikasema neno moja nililolijua la lugha yao, na safari hii nililichagua vizuri kabla ya kufungua mdomo. "Enkare." Ni maji. Ni neno lile lile linaloanza jina la Kimasai la mji wetu, Enkare Nairobi, maji baridi, tunalikanyaga kila siku wala hatulifikirii.

Yule mama hakumpa Mwalimu kibuyu. Alimkalisha, akamlowesha kichwa na shingo, akamimina maji kiganjani mwake mwenyewe na kumnywesha hivyo, kiganja kimoja kimoja, akimpiga kofi dogo mkononi kila aliponyakua. Mimi nilipewa mwisho, na ndivyo ilivyostahili. Alikataa kila tulichomtolea. Ila mwavuli aliutazama kwa namna fulani. Mwalimu akauangalia mwavuli wake, akamfungulia, akampa mkononi. Tuliwaona wakienda nao kwa mbali sana. Kila nikilikumbuka lile doa jeusi namwombea mama yule heri, na jina lake sikulijua.

Magadi tulifika siku mbili baadaye, polepole, debe la kuazima limejaa kichwani pangu. Mwalimu alisimama kando ya ziwa. Lilikuwa jeupe, na pengine jekundu, na ndege warefu wa waridi wamesimama ndani yake.

"Miaka yote nalipaka chaki ya buluu," alisema. Akavua viatu, akaingia, akatia mkono, na akalia bila kujificha. Kisha akanicheka mimi kwa sababu nilikuwa nalia pia.

Tulipanda treni ya kutoka Magadi mpaka Konza. Hapo njia zetu ziligawanyika, yake ya Mombasa na yangu ya Nairobi. Kabla treni yake haijaondoka aliandika barua fupi gotini, kwa herufi za Kiarabu kama waandikavyo watu wa pwani, akaikunja. "Mpe Mzee wako," alisema. Sikuuliza ameandika nini. Njia nzima mpaka Nairobi barua ile ilinichoma mfukoni.

Mzee Rehan aliipokea, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, akanirudishia. "Soma wewe."

Herufi nilizijua kutoka chuo cha Kurani. Nikasoma kwa sauti: "Kwa Mzee Rehan wa Kibra. Baada ya salamu, nimefika mzima na ziwa nimeliona. Kijana wako ana moyo. Nimemsikia mwenyewe siku ya tatu, karibu na adhuhuri, juu ya kilima. Nakuombea afya. Wako, Sefu."

"Soma tena ile ya kijana."

"Kijana wako ana moyo."

"Ana moyo," alirudia polepole, na safari hii alilitamka kwa Kinubi. Ukungu wote wa macho yake ulinigeukia. "Siku ya tatu, adhuhuri. Maji iko?"

Mwalimu yule alikuwa muungwana. Alikuwa ameandika sifa, na ameiandika kwa namna ambayo mtu yeyote angeisoma akanipa kazi. Mlango wa kutokea alinifungulia. Nilihitaji kusema tu kwamba moyo huu ni wa Kiswahili, ni ushujaa, baba, ananisifu. Nilifungua kinywa kusema hivyo.

"Hayakuwepo," nikasema. "Nilipiga kelele kwa Kinubi. Akanywa yote, akanifuata."

Nikamweleza kila kitu, tangu debe hadi mwavuli. Hakunikatiza. Nilipomaliza nilikuwa nishaanza kuwafikiria mbuzi, yule dume mweusi hasa, jinsi atakavyofurahi.

"Mimi nasema neno hiyo hiyo," Mzee Rehan alisema mwishowe. "Vita ya Jermani. Juu ya kilima, kama wewe. Watu wawili ya kabila ingine nasikia moyo, nakuja." Akavua tarbushi yake. "Hapana rudi."

Ndipo nilipoelewa lile onyo alilonirudia miaka yote, na kwa nini halikuwa adabu tu. Aliingia ndani, akatoka na chupa yake ya jeshi, ya bati, iliyovikwa kitambaa cha blanketi kilichochakaa, akaishika mbele ya uso wangu.

"Ndani iko nini?"

"Maji."

"Nguvu!"

"Maji!"

"Nguvu!"

Nilipiga kelele mpaka wanawake wa jirani wakatoka na nguo zao za gurbaba kutazama nani anaungua. Hapo akaniwekea chupa mikononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake kwa vidole vyake.

"Kesho saa kumi na moja," alisema. "Mgeni nakuja."

Chupa hiyo nimeibeba safari zote. Nimefika nayo Namanga, Naivasha, na Nyeri upande wa milimani, nikiwa na watu wa kila namna: bwana mmoja aliyehesabu ndege, mabibi wawili waliogombana njia nzima na kupatana kila jioni, Mhindi mmoja wa duka aliyetaka tu kujua barabara inaishia wapi. Wote niliwarudisha wazima. Mzee Rehan alipokufa nilikuwa njiani, na yule aliyeniletea habari alinikuta najaza debe. Nilimalizia kulijaza kwanza.

Siku hizi kuna vibali na vizuizi kila njia, na najua kazi yenu ni ngumu kuliko yangu. Lakini maji ni yale yale. Chupa iko ukutani kwangu. Mmoja wenu aje aichukue, na ajiandae kupiga kelele mbele ya majirani.

Namshukuru Mungu kwa njia zote. Nawashukuru waliokunywa kabla yangu na walioninywesha. Na nashukuru kwamba sasa hakuna mgeni nyuma yangu, kwa hiyo naweza kusema ninavyotaka. Mchana joto likizidi nanyoosha miguu barazani na kumwita mke wangu, yule niliyekuwa nimeshamwona siku zile za mbuzi. Kwa lugha ya kwetu "lete maji" ni maneno mawili tu, na kwa miaka yote ile sikuyasema nje ya nyumba hii.

"Jibu moyo," namwambia.

Naye huja.